Shangazi, Kasuku Anataka Kunipindua

Safu hii ilianzishwa kwa ajili ya mahari, mashemeji, na wanaume wanaokwenda Juba kwa biashara wakasahau njia ya kurudi. Tangu mawingu yaanze kukaa juu ya mlima Wanale, sijapata barua hata moja ya shemeji. Zote ni za ndege. Mhariri anasema nijibu hivyo hivyo. Mimi si daktari wa mifugo, lakini nimesuluhisha ugomvi mwingi wa nyumbani, na nikizisoma barua hizi naona ugomvi ni ule ule ninaoujua, ila mmoja wa wagombanao ana mkia mwekundu.

*Shikamoo Shangazi. Huu ni mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Mke wangu alikuja na kasuku, yule wa kijivu, aliyemlea tangu akiwa kinda. Sasa ndege ana miaka saba. Zamani tulielewana. Siku hizi nikitia mguu sebuleni anatanua mkia, anavimbisha manyoya ya shingo, mboni za macho zinapanuka na kusinyaa, kisha ananirukia. Juzi kaning'ata sikio Arsenal wakiwa wanapiga kona. Mke akisogea, mambo yanageuka: ndege anainamisha kichwa, anacheua chakula na kumwekea kiganjani. Mke anasema hiyo ni heshima. Nimesoma kwenye simu kwamba kasuku huwa hivi majira ya kuchipua, kisha hutulia. Shangazi, majira ya kuchipua huja lini Mbale? — Mume wa Pili, Namakwekwe*

Marahaba mwanangu. Jina ulilojipa ni sahihi kuliko unavyodhani.

Kasuku wa kijivu hupevuka akiwa na miaka mitatu hadi mitano hivi, na porini huchagua mwenzi akakaa naye. Wa kwenu alipofikia umri huo alitazama huku na huku, hakuona kasuku mwingine, akamchagua aliyekuwepo. Chakula anachokicheua ndicho dume humlisha jike wakijiandaa kuzaa. Hiyo si heshima, mwanangu, ni posa. Na wewe unayeingia bila kubisha hodi ukajitupa kwenye kochi pembeni ya bibi harusi, ndiwe mpinzani. Mkia uliotanuliwa na macho yanayochezacheza ni onyo. Sikio limelipa kwa kuwa onyo halikusikilizwa.

Sasa hayo majira. Ushauri uliousoma umeandikwa na watu wa London na Toronto. Kule mchana wa Desemba unakwisha watu wakiwa bado kazini, na mchana wa Juni, pale London, unapita saa kumi na sita. Ndege akiona mwanga unarefuka, homoni zinaamka. Majira yakipita, zinalala. Sisi hapa tuko karibu digrii moja tu kaskazini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki dakika kumi, na hakuna ndege anayeweza kupanga harusi kwa dakika kumi. Huku kwetu ndege husikiliza zaidi mvua, na matunda yanayokuja nyuma ya mvua. Chakula kikiwa tele na pango la mti likipatikana, wakati umefika.

Basi angalia sebule yako. Chakula ni tele Januari hadi Desemba. Taa inawaka. Pango lipo, nitalitaja. Mwenzi yupo, tena anampapasa. Ndiyo maana wenzako wa Ulaya wanaumwa miezi miwili mitatu kisha wanapumzika, na wewe hupumzishwi. Nyumba yenu ina masika mwaka mzima, na mmeyatengeneza wenyewe.

Tuanze na taa, kwa kuwa ndilo jambo rahisi na ndilo litakalokuuma. Ndege huyo anaamshwa na jogoo wa jirani saa kumi na mbili asubuhi, na mpira wenu unakwisha karibu na saa sita usiku. Huo ni mchana wa saa kumi na nane; hata London hawana. Anahitaji giza na utulivu wa saa kumi hadi kumi na mbili. Jua likizama, mhamishe chumba cha nyuma, tundu lifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa, na asiguswe hadi asubuhi. Umeme unapokatika mtaani na sisi tukalaani, yeye ndipo anapopata usiku wa halali. Mkeo akikumbuka vizuri ataona kwamba wiki za giza ndizo zilizokuwa wiki za amani.

Chakula. Najua mnachompa kwa sababu najua mnachokula: chapati, karanga, matoke yaliyolowa mchuzi wa karanga, posho ya moto kwa vidole. Chakula laini, cha vuguvugu, chenye mafuta mengi, ndicho chakula cha mzazi anayejiandaa kulisha makinda. Mwili unaamini kinachoingia mdomoni. Punguzeni. Mpeni dodo, sukuma wiki, karoti mbichi, boga, hindi bichi likiwa na maganda yake alichane mwenyewe. Msimwekee kwenye bakuli akala dakika tano akabaki na siku nzima ya kuwaza mapenzi. Fungieni vipande ndani ya maganda ya mahindi, vingine vitundikwe juu, ahangaike. Kasuku wa msituni hutumia sehemu kubwa ya siku akitafuta riziki. Wa kwenu ni tajiri asiye na kazi.

Pango: naapa anaingia chini ya kochi, au nyuma ya kabati la vyombo, au mna boksi la viatu ambalo mkeo anaona linampendeza. Akiwa humo anachanachana karatasi. Anajenga, mwanangu. Boksi liondoke, nafasi ya chini ya kochi izibwe, na tundu lenyewe lihamishwe ukuta mwingine, vijiti vibadilishwe mahali. Ugenini mtu hagombei mipaka mara moja.

Halafu mkono, na hapa mkeo atanichukia. Wanaofuga kasuku hupenda kumpitishia kiganja kutoka kichwani hadi mkiani, wakaingia na chini ya mbawa. Kwa ndege, mgongo na chini ya mbawa ni mahali pa mwenzi wake tu. Kukuna kichwa na shingo kunatosha. Kila kiganja kinachoshuka mgongoni ni jibu la "ndiyo" kwa posa ile, kisha akitaka kuendelea anaambiwa shika adabu. Ningekuwa mimi ningeng'ata pia.

Wewe je? Usimpige, usimfokee. Kasuku ni mpenda kelele. Ukipiga ukunga ameshinda mara mbili, amekuumiza na amepata onyesho. Mabegani asipande tena kwa sasa, kwa kuwa ukimweka pale humwoni macho. Mfundishe kupanda kijiti badala ya mkono. Ukiona mboni zinacheza, simama, geuka pembeni, ondoka taratibu bila kukimbia. Na karanga ziondolewe kwenye chakula chote zibaki kwako peke yako: moja asubuhi, moja jioni, unamwachia pale anapoipenda na unaondoka. Usitake shukrani. Hii ni kazi ya wiki kadhaa.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na bado anauma, tafuteni daktari wa mifugo anayejua ndege. Maumivu yaliyofichika hufanana sana na hasira. Wengi wetu hapa tunaye wa ng'ombe wa Friesian na kuku wa mayai. Hata yeye anaweza kuwauliza wenzake wa chuo cha mifugo Makerere. Kuna nchi wanachoma sindano au kupachika kidonge chini ya ngozi cha kuzituliza homoni. Kwanza zimeni taa.

*Shangazi, mume wangu amekuandikia, rasimu aliiacha mezani. Aliyebadilika ni yeye. Ndege huyu huniamkia kila asubuhi kwa jina langu. Hukohoa kikohozi cha marehemu baba yangu sawasawa, hadi mama akitutembelea machozi yanamtoka. Mume wangu huamkia simu. Mwenye wivu hapa ni nani? — Mke wa Kwanza na wa Pekee, Namakwekwe*

Binti yangu, hapo kwenye kikohozi cha baba niliiweka barua chini kwa muda. Ndege anayetunza sauti ya mzee si kitu cha kuchezea, na mtu yeyote atakayekuambia "mtupe huyo" hajafiwa bado.

Lakini nikwambie unachokifanya bila kujua. Kila siku unapokea posa, unacheka, unampapasa mgongo, kisha unamwacha hapo hapo. Mwezi baada ya mwezi. Kwako huo ni upendo. Kwake ni ahadi isiyotimizwa. Kasuku wa namna hiyo hupiga makelele, huuma, na wengine huanza kujinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi inabaki wazi. Simwoni mumeo akijinyonyoa, kwa hiyo kati ya hao wawili anayeumia zaidi najua ni nani.

Akicheua, usicheke wala usimgombeze. Mshushe kwenye kijiti, fanya jambo lingine, rudi akiwa ametulia. Badala ya kumpakata, mfundishe. Huko Marekani mtaalamu Irene Pepperberg alifanya kazi miaka thelathini na kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyekufa mwaka 2007. Alex alitaja rangi, maumbo na idadi ndogo za vitu, na alijua maneno kama mia moja. Kichwa cha namna hiyo kikifungiwa Namakwekwe bila kazi, kitatunga visa. Mfundishe rangi, mfundishe kuleta kizibo, na somo la jioni alitoe mumeo. Najua ataona haya mwanzoni kumwambia ndege "hii ni nyekundu". Atazoea.

Na kuhusu simu ya mumeo, andika barua nyingine. Hiyo ni ya safu hii hasa.

*Shangazi, kasuku wetu hakuwa na shida. Mwaka wa imbalu, tohara yetu, ulipofika, ngoma ya kadodi ilianza kupita mbele ya nyumba kila siku, watu na filimbi na njuga. Ndege akachanganyikiwa, akamng'ata mwanangu ambaye ndiye aliyekuwa anajiandaa kutahiriwa. Mjomba anasema ndege ameshikwa na imbalu. Ni kweli? — Mama Mtahiriwa, karibu na Mutoto*

Mama, mjomba ana haki ya kufurahisha ukoo, ila hapana. Kijana wa imbalu anapandishwa moto kwa makusudi, kwa ngoma, kwa nyimbo, kwa kukumbushwa waliosimama wima kabla yake. Anajua anakokwenda. Kasuku hakuambiwa chochote. Amekaa ndani ya waya, kitu kikubwa chenye kelele kinamjia, na hana pa kuruka. Huyo wako anaogopa, na woga nao huuma.

Watu siku hizi wakisikia neno homoni wanalibandika kila mahali, kwa hiyo jifunzeni kutofautisha. Ndege mwenye homoni hujivimbisha na kukujia. Ndege mwenye woga hubana manyoya mwilini akawa mwembamba, hurudi nyuma, hupiga mbawa hovyo, na huuma akiishiwa mahali pa kurudi. Kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kushtuka, hata usiku gizani anaweza kujirusha ndani ya tundu akajiumiza. Kadodi itakapokuja tena, na mwaka wa namba shufwa, ndio wa imbalu, hamtaikwepa Mbale yote, mweke chumba cha ndani mbali na barabara, upande mmoja wa tundu ufunikwe apate pa kujificha, redio iwe chini. Mtoto asimsogelee akiwa amejipaka unga wa mtama na kuvaa njuga. Hata mimi ningeshtuka.

*Shangazi, rafiki yangu dereva wa lori ana kinda la kasuku kutoka upande wa Kongo, bei nafuu. Nikimchukua mdogo hivi atanizoea na hatakuwa mkali, sivyo? — Mpenda Ndege, Namatala*

Sivyo.

Kwanza, hakuna kinda mkali. Ukali unakuja na umri, mwaka wa tatu, wa nne, na hapo utakuwa umeshamzoea kulala kifuani. Akitunzwa vizuri ataishi miaka arobaini na zaidi. Utamrithisha nani? Andika jina lake kwenye wosia kabla ya kumlipa dereva.

Pili, huyo rafiki yako anakutafutia jela. Kasuku wa kijivu ameorodheshwa kati ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES zilimpandisha hadi kiambatisho cha kwanza, pale ambapo biashara ya kimataifa ya ndege wa porini imefungwa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inasema kosa linalohusu kiumbe aliye hatarini kutoweka linaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Usiniambie eti ni ndege mmoja. Mwaka 2022, Kisoro, karibu na mpaka huo huo wa Kongo, walikamatwa kasuku zaidi ya mia moja katika safari moja, na kila mmoja wao alikuwa anaelekea kuwa "ndege mmoja" wa mtu fulani.

Na usifikiri wapo tele. Ghana walikuwa wanawaona makundi makubwa jioni. Watafiti waliporudi kuwahesabu, walikuta kati ya asilimia 90 na 99 wametoweka tangu 1992. Kinda hutolewa pangoni juu ya mti, mara nyingi mti wenyewe hukatwa, na wengi hufa kwenye boksi kabla ya kufika kwa mnunuzi. Bei yako nafuu imewahesabu na hao.

Ukitaka kuwaona, panda basi la Kampala. Ukishavuka Jinja unaingia msitu wa Mabira, na pale Najjembe basi linaposimama na wauzaji wa gonja na kuku wa vijiti wakilizingira, inua macho juu ya paa za vibanda. Ukibahatika utasikia miluzi kabla ya kuona kitu. Hawakuhusu, hawakupendi, hawana habari na wewe. Ni bure.

Ninyi wenye barua za juu, najua mmenyamaza. Shangazi hampeleki mtu polisi, lakini kibali cha kukaa na mnyamapori ni jambo la Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, na ofisi yao ya Mlima Elgon iko hapa hapa mjini. Nendeni mkaulize kabla hawajaja kuuliza wao. Kituo cha wanyama cha Entebbe kinapokea kasuku waliokamatwa, na huko angalau kuna wenzao.

Nafasi inakwisha, kwa hiyo barua zilizobaki nazijibu bila kuzichapisha.

Kwa Fundi, Nkoma: hapana, usimkate mbawa ili atulie. Asiyeweza kuruka anabaki na njia moja tu ya kukukimbia, nayo ni mdomo.

Kwa Kijana wa Industrial Area: malwa si dawa. Pombe humuua ndege kwa kiasi kidogo sana. Kahawa vivyo hivyo, hata kama ni ya Bugisu na mnajivunia. Parachichi ndiyo hatari kuliko unavyofikiri, maana mnayo uani na watoto wanakula wakitembea; usimwachie hata ganda. Na sigiri ya makaa iondoke chumba anacholala. Mapafu yake hayawezi moshi huo, na yako pia.

Kwa Mwalimu, Senior Quarters: kumwekea kioo ili apate mwenzi ni kumwongezea mateso. Sasa ana wapenzi wawili na hakuna anayemjibu.

Kwa Mama wa Duka: safu hii ni ya kasuku mwenye manyoya. Kuhusu mafuta ya kupikia ya Kasuku kutoka Kenya kupanda bei, waandikie watu wa uchumi.

Kwa Hajati, Nkoma, aliyeandika kwamba Sultani, dume wake mkali wa miaka tisa, anayewafukuza wajukuu kutoka jikoni, ametaga yai: pole na hongera. Kasuku wa kijivu, dume na jike, si rahisi kuwatofautisha kwa macho. Wataalamu hupima damu au unyoya. Jike hutaga hata bila dume, na ukali uliousimulia ulikuwa wa mama anayelinda kiota kwenye sufuria yako kuu. Usimnyang'anye yai leo, kwa sababu atataga jingine kujaza nafasi, na kila yai linachota chokaa kutoka mifupani mwake. Mwachie alilalie mpaka achoke mwenyewe, yaani wiki nne hivi. Mpe maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa, mboga za majani, na jua la asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia. Sufuria utaipata baadaye, nunua nyingine. Lakini ukimkuta amekaa chini ya tundu, amejivimbisha, anajikamua na hakuna kinachotoka, yai limekwama. Huo si wakati wa kuniandikia barua, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Umeuliza kama umbadilishe jina. Miaka tisa anaitika Sultani, na wajukuu bado wanamwogopa. Mwache na cheo chake.